Kaka alipona korona akabaki na sukari: je, nami nikapime vinasaba?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 44, nauza nguo soko la Mbuyuni hapa Moshi. Katikati ya 2021 mimi na kaka yangu tuliugua pamoja ule ugonjwa tuliokuwa tukiuita changamoto ya upumuaji. Mimi nilijifukiza nyungu nyumbani nikapona. Kaka alilazwa, akawekwa kwenye oksijeni na kuchomwa sindano, na humo humo wodini sukari ikapanda mpaka 19, mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari. Alitoka na insulini. Kufika Krismasi akaambiwa aache, sukari imekaa sawa. Mwaka jana imerudi, sasa anameza vidonge. Marehemu mama yetu, mtu wa Muheza, alikuwa na kisukari, na mama mdogo anacho. Baba ni Mchaga wa Kibosho, yeye mzima. Mdogo wetu aliyeko Ujerumani anataka kunitumia kile kikopo cha kutemea mate ili wasome vinasaba vyangu, nijue kama na mimi nimo. Mwezi uliopita nilipima: asubuhi kabla ya kula 6.6, na kile kipimo cha miezi mitatu 5.5. Nikaambiwa niko salama kabisa. Je, korona inaamsha kisukari cha ukoo? Imegusa vinasaba vyetu kiasi cha kuwarithisha watoto? Nitume mate? Kwingine sina tatizo, ila mtoto wangu wa mwisho ana sikoseli.

Jibu

Marahaba, mama. Poleni kwa kumpoteza mama, na pole kwa kuuguza.

Maswali yako yote nitayajibu, lakini jambo zito kuliko yote umelitupia mwishoni, baada ya kusema kwingine huna tatizo. Sikoseli ya mtoto inabadilisha namna ya kusoma ile 5.5 uliyoambiwa ni salama. Kwanza tumalizane na kaka, kwa sababu hofu yako imeanzia kwake.

Sukari ya 19 (namba za sukari ya damu humu ni milimoli kwa lita) kwa mtu aliye kwenye oksijeni haiji kwa sababu moja. Mwili unapopambana na maradhi makali humwaga kotisoli na adrenalini. Homoni hizo huliamuru ini litoe sukari, na wakati huohuo misuli inaacha kuisikia insulini vizuri. Tunayaona hayo kwa nimonia ya kawaida, kwa malaria kali, hata kwa kijana aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda. Juu ya hilo kuna ile sindano. Sijaona faili la kaka yako, lakini mgonjwa wa korona aliyehitaji oksijeni mwaka 2021, karibu popote duniani, alistahili deksamethasone, kwa sababu Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, zinapunguza vifo vya wagonjwa wa namna yake. Dawa hiyo hupandisha sukari. Kila anayeiandika analijua hilo, na mtu anayekosa pumzi hatumnyimi dawa kwa kuiogopa sukari.

Wanaonisumbua mimi ni wale waliotoka hospitali wakaendelea kujinunulia predinisoloni, ndugu ya deksamethasone, duka la dawa, wiki baada ya wiki, kwa kuwa inaleta nguvu na hamu ya kula. Muulize kaka kama naye aliendelea nayo, na kama hata leo anaimeza kwa ajili ya kifua au magoti. Nimewahi kuletewa kisukari "kilichorudi" ambacho chanzo chake kilikuwa kwenye mkoba wa mgonjwa: vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya kaki, haina jina la dawa, imeandikwa 2x1 tu kwa kalamu.

Kirusi chenyewe nacho kina mkono wake. Korona hii ina ndugu aliyeleta SARS huko China mwaka 2003. Madaktari wa huko waliwafuatilia wagonjwa 39 ambao hawakuwa na kisukari kabla, na ambao hawakupewa dawa za jamii ya deksamethasone. Ishirini kati yao walipata kisukari wakiwa wamelazwa. Miaka mitatu baadaye waliobaki nacho walikuwa wawili. Kwa hiyo sukari inaweza kupanda bila sindano, na kwa wengi hushuka yenyewe mwili ukitulia. Kaka yako kufika Krismasi bila insulini haikuwa miujiza wala kosa la aliyemwambia aache.

Kwa korona ya safari hii, takwimu zinazonukuliwa zaidi ni za wanajeshi wastaafu wa Marekani, zilizochapishwa 2022. Watu zaidi ya 180,000 waliougua walilinganishwa na mamilioni ambao hawakuugua. Ndani ya mwaka mmoja, kwa kila watu 1,000 walioambukizwa, wagonjwa wapya wa kisukari walizidi kwa takriban 13, yaani hatari iliongezeka kwa asilimia 40 hivi, na ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolazwa, hasa waliofika chumba cha mahututi. Waliochunguzwa wengi wao walikuwa wanaume wazungu wenye umri mkubwa, kwa hiyo namba hizo usizibebe zilivyo ukazitua Moshi. Chukua mwelekeo wake tu: ongezeko lipo, kwa mtu mmoja mmoja si kubwa, na linawaelemea walioumwa sana. Wewe uliyejifukiza nyumbani hauko kapu moja na kaka.

Halafu kuna swali ambalo takwimu ya Marekani haiwezi kumjibia kaka yako: kabla ya 2021 aliwahi kupimwa? Wanaume wengi wa huku hukutana na kipimo cha sukari kwa mara ya kwanza siku wamezidiwa. Inawezekana kabisa alikuwa akitembea na sukari ya 8 kwa miaka, hana habari, anapanda Kibosho na kushuka, na wodi ndiyo iliyomfichua.

Kuhusu kuzima na kurudi. Mtu kuingia hospitali na sukari ya kutisha, pengine hata na asidi ya ketoni kwenye damu, akaanzishwa insulini, kisha akaachana nayo kwa miezi au miaka, ni jambo lililoelezwa kwa watu wenye asili ya Afrika tangu zamani, korona haijazaliwa. Sukari ikikaa juu mno inazilemea zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani seli beta, mpaka zinanyamaza. Ukiishusha sukari kwa insulini ya sindano, zinapumzika na kurudi kazini. Ila idadi yake haiongezeki, na ndiyo maana kwa wengi sukari hurudi. Mwaka 2008 watafiti wa Paris waliwachunguza wahamiaji kutoka Afrika wenye kisukari cha namna hii wakakuta kwamba kingamwili za kirusi kimoja cha jamii ya hepesi, HHV-8, zilikuwa kwao nyingi zaidi sana kuliko kwa wenye kisukari cha kawaida. Kukutwa pamoja si ushahidi wa kusababisha. Bado ni mojawapo ya mambo yanayonifanya nisimcheke mtu anayeniambia sukari yake ilianza baada ya homa.

Sasa vinasaba. Hapa watu huchanganya magonjwa mawili yenye jina moja.

Kisukari cha aina ya kwanza ndicho kinachohusiana na virusi kwa namna iliyochunguzwa zaidi. Kinga ya mwili huzishambulia seli beta na kuzimaliza. Vinasaba vinavyoamua zaidi ni vile vya HLA, vinavyosaidia kinga kutofautisha mwenyeji na mgeni, na virusi vinavyoshukiwa zaidi ni enteroviasi, jamii ya virusi vinavyozaliana utumboni, hasa koksaki za kundi B. Utafiti mmoja mkubwa wa watoto wa Marekani, Ufini, Ujerumani na Uswidi ulionyesha mwaka 2019 kwamba anayekuwa hatarini si mtoto aliyeugua mara moja akapona. Ni yule ambaye kirusi kileile kiliendelea kuonekana kwenye choo chake kwa muda mrefu. Na watoto waliopata rubela wakiwa tumboni wamejulikana kwa miaka mingi kuwa na kisukari kuliko wenzao, sababu moja ya kutoidharau chanjo ya surua-rubela iliyoanza kwetu mwaka 2014.

Katika hilo kuna jeni moja ambayo kwangu ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu swali lako. Inaitwa IFIH1. Kazi yake ni kutengeneza protini inayonusa vinasaba vya virusi ndani ya seli na kupiga yowe ili kinga iamke. Ungedhani mwenye pua kali ndiye mwenye bahati. Mwaka 2009 ilionekana kinyume: watu wachache waliozaliwa na aina dhaifu za jeni hiyo, zinazonusa kwa uvivu, hupata kisukari cha aina ya kwanza mara chache zaidi. Ni kama mbwa wa boma anayebweka kila jani likianguka: wezi hawaingii, lakini iko siku atamng'ata mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo hakuna jeni nzuri na jeni mbaya kwa ujumla. Ile inayokuokoa na kirusi leo inaweza kuwa ndiyo inayoidhuru kongosho kesho.

Ila kwenu, kwa ulivyoeleza, si aina hii. Mama, mama mdogo, kaka aliyeanza ukubwani na sasa anameza vidonge: hiyo ni sura ya aina ya pili. (Wala huku kwetu mipaka haikai sawasawa na vitabu vya Ulaya. Utafiti uliochapishwa 2025, wa watu wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliopata kisukari wakiwa watoto au vijana na kuambiwa ni aina ya kwanza, ulikuta karibu theluthi mbili hawana zile kingamwili zinazoutambulisha ugonjwa huo.)

Aina ya pili inarithiwa kuliko watu wanavyodhani, lakini haina jeni moja ya kuinyooshea kidole. Sehemu za vinasaba zinazohusishwa nayo zimeshapita 600, kila moja ikiongeza kidogo. Yenye nguvu zaidi kati ya zile zinazopatikana kwa watu wengi, TCF7L2, iligunduliwa Aislandi mwaka 2006, na nakala moja yake huongeza uwezekano kwa asilimia 40 hivi. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi na wagonjwa wa Nigeria, Ghana na Kenya walipata nyingine, ZRANB3, ambayo haikuwa imeonekana katika tafiti za Wazungu. Nyingi kati ya sehemu hizi zinagusa jambo lilelile: kongosho yako ina akiba kiasi gani ya kutoa insulini pale inapohitajika nyingi kwa ghafla.

Na hapo ndipo ukoo na kirusi vinapokutana. Kaka yako, tuseme, alizaliwa na akiba ndogo. Siku za kawaida ilimtosha. Yakaja homa kali, kotisoli, sindano, na pengine kirusi kuzigusa seli zenyewe, mahitaji ya insulini yakazidi akiba. Mtu mwenye akiba kubwa kitanda cha pili angepanda mpaka 10 akarudi. Kwa hiyo, ukiniuliza kama korona inaamsha kisukari cha ukoo, nitakujibu kwamba inakiwahisha kwa aliyekuwa tayari njiani, inakifichua kwa aliyekuwa nacho bila kujua, na kwa wachache inaongeza mtu ambaye pengine asingekipata. Kaka namweka kwenye la kwanza au la pili.

La watoto ni fupi: hapana. Korona haikuandika kitu kwenye vinasaba vya mayai yako wala mbegu za kaka yako. Watoto watarithi kile mlichokuwa nacho kabla ya 2021.

Kikopo cha mate, mama, mimi nisingekituma. Wanachofanya ni kujumlisha zile alama mamia na kukupa hatari kwa asilimia, na hesabu yao imejengwa zaidi kwa damu za watu wa asili ya Ulaya. Ukiwapa mate ya mtu wa Muheza na Kibosho hesabu hiyo inapoteza nguvu nyingi. Hata kile kipande cha kromosomu ya 3 kilichoandikwa sana magazetini mwaka 2020, cha kurithi kutoka kwa binadamu wa kale wa Neanderthal, kinachozidisha ukali wa korona, ni cha kawaida Asia ya Kusini na kipo Ulaya, lakini Afrika karibu hakipo kabisa. Na wakikuambia hatari yako ni kubwa, wamekuambia nini ambacho mama yako, mama mdogo na kaka yako hawajakuambia bure? Mwambie mdogo wako hela hiyo anunue mashine ya kupimia sukari, ila kwanza aulize kama stripu za mashine hiyo zinauzwa Moshi. Nyumba nyingi hapa zina mashine nzuri kutoka Ulaya, zimefunikwa kitambaa juu ya kabati, stripu ziliisha mwezi wa kwanza.

Lakini kuna kinasaba kimoja ambacho hakihitaji kikopo, kwa sababu mtoto wako ameshakuonyesha.

Mtoto hapati sikoseli mpaka apokee nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo wewe karibu kwa hakika ni mbebaji: una nakala moja, huumwi, na pengine hukuwahi kujua mpaka huyo alipozaliwa. Nakala hiyo nadhani umeitoa upande wa mama. Muheza na ukanda wote ule wa Tanga malaria iliwaua watoto vizazi na vizazi, na aliyebeba nakala moja alikuwa na kinga dhidi ya ile malaria kali. Kule juu Kibosho kwenye baridi mbu hakuwa na nguvu hiyo.

Sasa, kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakipimi sukari yenyewe. Kinapima ni kiasi gani cha himoglobini kimeng'ang'aniwa na sukari katika siku 120 hivi ambazo chembe nyekundu ya damu huishi. Ukiigusa himoglobini au maisha ya chembe, umeigusa namba. Utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulilinganisha watu wenye kiwango kilekile cha sukari kwenye damu: wabebaji wa sikoseli walitoka na HbA1c ya wastani wa asilimia 5.72, wasio wabebaji 6.01. Sukari ni ileile, ila namba ya mbebaji imepungua kwa takriban 0.3. Baadhi ya mashine za maabara pia huchanganywa na himoglobini ya sikoseli na kutoa majibu yasiyoaminika.

Turudi kwenye karatasi yako. Wewe 5.5, rudisha ile 0.3, unapata 5.8. Kwa viwango vya Marekani, kuanzia 5.7 mpaka 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari. Na ile 6.6 ya asubuhi, hata kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni cha upole zaidi, inaangukia humo humo, kati ya 6.1 na 6.9. Vipimo vyako viwili vilionekana kugombana, kumbe vinasema jambo moja. Aliyekuhudumia aliona 5.5 akaridhika, na simlaumu, kwa sababu huwezi kuuliza habari za sikoseli kila anayekuja kupima sukari kwenye foleni ya watu hamsini. Lakini kwa maoni yangu huku kwetu tungepaswa kuuliza. Sikoseli siyo peke yake: upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, mwingine uliobaki kwetu kwa sababu ya malaria, unaweza kuishusha HbA1c ya mwanamume kwa karibu 0.8, na 0.8 inatosha kumficha mgonjwa kamili. Kuongezewa damu karibuni au kupoteza damu nako kunaishusha. Ukosefu wa madini ya chuma, kinyume chake, huipandisha. Kwa hiyo katika ukoo wenye sikoseli, mimi naamini sukari iliyopimwa ikiwa sukari.

Kipimo ninachotaka ufanye ni cha kunywa glukosi. Uliza maabara ya hospitali kubwa, kama Mawenzi au KCMC, wakupangie siku. Siku tatu kabla kula kama kawaida yako, usijinyime ili ufaulu. Usiku wa mwisho funga kuanzia saa nne hivi. Asubuhi watatoa damu ya mshipa, kisha watakupa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye glasi ya maji. Ni tamu ya kuchefua, inywe ndani ya dakika tano, kisha ukae kwenye benchi saa mbili kamili, usiende kuchungulia duka lako, maana ukitembea misuli inaila sukari na jibu linapungua. Damu ya pili ikitoka chini ya 7.8, kongosho yako ina akiba. Kuanzia 7.8 mpaka 11.0 uko njiani. Kuanzia 11.1 ni kisukari, na hapo watarudia siku nyingine kuthibitisha. Kama una homa au kikohozi siku hiyo, ahirisha.

Na nikuulize jambo: uliposema asubuhi kabla ya kula, chai ulikunywa? Sikutanii. Watu wa huku ukiwauliza wamekula watakuambia hapana, na ni kweli hawajagusa mkate wala ndizi, ila kabla ya kupanda daladala wameshapata kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari. Kwa kipimo cha kidole, chai hiyo inatosha kumpandisha sukari hata mtu asiye na ugonjwa. Kama ndivyo ilivyokuwa, ile 6.6 haina maana na tunaanza upya.

Jibu likitoka la katikati usianze kulia ukoo. Marekani walifanya jaribio kwa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hatua hiyo, matokeo yakatoka 2002: waliopunguza kama asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kufika kwenye kisukari kwa asilimia 58, waliomeza metformini, kidonge cha kisukari, kwa asilimia 31. Baadaye wakapima ile TCF7L2 kwa washiriki haohao. Wenye nakala mbili mbaya walifaidika na mabadiliko hayo kama wengine. Hata nyumbani ushahidi upo: mwaka 1989 ilichapishwa kwamba katika vijiji vya Tanzania wenye kisukari hawafiki asilimia 1, na uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ukakuta sukari ya juu kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 mpaka 64. Umri na maeneo havilingani sawasawa, lakini miaka 23 ni kizazi kimoja, na vinasaba haviwezi kukimbia hivyo. Vilivyobadilika ni miguu na sahani. Wewe unasimama siku nzima Mbuyuni, na kusimama si kutembea. Ndizi na mtori sikukatazi, punguza kipimo na uongeze mboga. Soda na juisi za paketi ndizo ningeanza nazo kuziondoa, na mbege uihesabu kama chakula.

Kaka naye apime tena kwa sukari yenyewe, asitegemee kile cha miezi mitatu mpaka ajue kama ni mbebaji; mmezaliwa tumbo moja, uwezekano wake ni nusu kwa nusu, na kipimo cha aina ya himoglobini kinamaliza ubishi mara moja tu maishani. Mtoto wako mwenye sikoseli ndiye HbA1c haimfai kabisa, kwa sababu chembe zake haziishi hata nusu ya hizo siku 120.

Kaka akishikwa na homa kali tena, ya kirusi chochote, apime sukari asubuhi na jioni hata kama hawezi kula vizuri. Akitapika na kushindwa kunywa maji, kama vidonge vyake ni metformini aisimamishe kwanza na ampigie anayemtibu. Sukari ikipita 15 pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo au kuhema kwa kasi na kwa kina, ni hospitali usiku huohuo, na aseme mlangoni kwamba 2021 aliwahi kuhitaji insulini. Na yeyote atakayetaka kumpa deksamethasone au predinisoloni, iwe kwa pumu, mzio au magoti, aambiwe habari hiyo kabla ya sindano kuingia, ili sukari ifuatiliwe kuanzia siku ya kwanza.